Barua ya Dar es Salaam Ambayo Sikuijibu

Homa Bay,
Jumapili mchana

Mzee wangu Owuor,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema, mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe. Nimeandika hivyo mara mbili na mara mbili nimekata. Kwako hakuna tena la kuhofia. Walikuzika mwezi wa sita pale nyumbani kwako Kendu Bay, upande wa kulia wa nyumba ya mkeo, na leo mwezi wa nane unaisha. Asiye mzima ni mimi.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kikuria chako hakikuvuka salamu, na Dholuo yangu ya bwenini ulinitania kwamba inafaa kuombea chumvi tu. Nina habari za kukupa na nina jambo la kuungama. Nitaanza na habari, kwa sababu mimi ni mwoga. Neno hilo unalikumbuka. Nilikuita hivyo mbele ya mkeo, chakula kikiwa mezani.

Sikwenda Amerika. Dar es Salaam pia sikwenda. Kijana uliyemhangaikia miezi mitano ili apate chuo kizuri cha kumpeleka kwenye sheria, mwaka huu hana chuo hata kimoja, na aliyeharibu ni yeye mwenyewe. Niko hapa mjini. Tangu mwanzo wa mwezi huu nafanya kazi yako. Mimi ndiye mkalimani wa korti.

Najua ungecheka. Ningependa sana ucheke.

Mwezi wa kwanza, nilipokuwa nimemaliza Form Six, baba aliniambia nije Homa Bay, nimtafute mkalimani wa korti, nimwombe kazi yoyote nikingoja matokeo. Nilimwuliza kwa nini nisitafute Migori, karibu na nyumbani, kuna maduka ya Wahindi yanayotaka makarani. Akasema tu, "Nenda kwa huyo." Baba ni mtu wa maneno machache, sikuona ajabu. Nilipofika uliniuliza jina ili uniandike kwenye daftari ya vibarua. Nikasema Marwa Chacha. Kalamu ikasimama. "Chacha gani?" Nikasema Chacha wa Bukira, aliyekuwa akichimba dhahabu Macalder. Ulivua miwani, ukaifuta kwa shati ingawa haikuwa na vumbi, ukaivaa tena. Kisha ukasema, "Jumamosi unakula kwangu." Nilidhani Wajaluo wote ni wakarimu namna hiyo.

Kazi yangu ilikuwa kupanga mafaili, kuita mashahidi na kuleta chai. Lakini macho yangu yalikuwa kwako. Kilichonishangaza siku ya kwanza ni kwamba hukusema "anasema aliiba." Ulisema "niliiba." Mshtakiwa akisema mimi, nawe ulisema mimi, kwa sauti ileile, bila kuongeza neno wala kupunguza. Asubuhi moja ulikuwa mwizi wa nyavu, mara ukawa mwenye nyavu, mara ukawa askari aliyesinzia zamuni. "Mkalimani ni mdomo tu," ulinifundisha. "Kichwa ni ya hakimu." Na mkeo, ambaye sote tulimwita Nyar Kasipul kwa kuwa ni binti wa Kasipul, huko Oyugis, alisema yeye ameolewa na wahalifu wote wa wilaya na hakuna hata mmoja anayekumbuka kumletea sukari.

Nilipokuambia nataka kusoma sheria, hukusema vizuri wala vibaya. Ulianza kuuliza. Kila wakili aliyekuja kutoka Kisumu ulimkalisha kwenye lile benchi la nyuma, ukampa chai yangu mimi, ukamwuliza: "Wakili, wewe ulisoma wapi? Na kabla ya sheria ulisoma nini?" Walidhani ni maongezi ya kupitisha muda. Kumbe ulikuwa ukiwahoji kwa ajili yangu. Yule Mhindi mnene alisema mtu asome historia kwanza, ajifunze kuandika na kufikiri, sheria itamkuta tayari. Kijana wetu mmoja aliyerudi kutoka Ulaya alisema huo ni upotevu wa miaka, mtu aingie moja kwa moja. Mwingine alisema jina la chuo si kitu, angalia waalimu. Wewe ulikuwa upande wa kuingia moja kwa moja, lakini maneno ya yule Mhindi uliniletea yote, hata yale yaliyokupinga, na uliyasema kama yako. "Mimi nilisoma historia kwanza na sijajuta," ulisema, umeshika tumbo kama yeye. Nilicheka mpaka hakimu akatuma askari aje aone kuna nini.

Jambo hilo nimelifikiria sana tangu ufe. Hukunificha jibu lolote, hata lile ambalo hukulipenda. Lile moja tu ulilichelewesha, nalo ulikuwa na sababu.

Mwezi wa nne barua mbili zilifika, zikipishana kwa wiki moja. Ya kwanza ilitoka Amerika, chuo kidogo cha kanisa ambacho mkuu wa shule yetu aliniombea. Miaka minne nisome nipendalo, chakula na malazi juu yao, kisha ndipo nitafute shule ya sheria, maana kule ndivyo wanavyofanya, hata aliyesoma muziki anaweza kuja kuwa wakili. Ya pili ilitoka Dar es Salaam: sheria, miaka mitatu, uje mwezi wa saba, utujibu kama unakubali. Kampala sikuomba, ingawa mwalimu wangu wa historia, aliyesoma huko, alininunia.

Kwetu habari ya Amerika ilinitangulia kufika. Wazee wa ukoo walichinja. Mama aliimba mpaka sauti ikamkauka. Dar es Salaam nani angeichinjia? Sisi nusu ya binamu zetu wako ng'ambo ya mpaka, ni Watanzania. Kusema naenda Dar ilikuwa kama kusema naenda kwa shangazi.

Ulizisoma barua zote mbili ukiwa umeziweka juu ya magoti, moja kila goti. Hukuidharau Amerika. "Hiyo si mbaya," ulisema. "Utasoma vitu mzuri, akili itapanuka. Lakini wuoda, utarudi na sheria ya watu wengine. Korti yetu itakataa, uanze tena. Utakuja kusimama mbele ya hakimu na mvi." Halafu ukagusa ile ya Dar. "Hapa nasikia wanasoma mpaka desturi ya watu wetu. Ng'ombe, shamba, mjane. Hiyo ndiyo kitu inafunga watu hapa." Wuoda ni mwanangu. Ulianza kuniita hivyo mwezi wa pili, nami nilijifanya sisikii ili urudie.

Nikakuuliza kwa nini habari ya ng'ombe na mjane inakuuma kiasi hicho. Ukasema, njoo Jumamosi.

Ilikuwa mchana, jua kali, Nyar Kasipul ameshaweka mezani samaki, ngege wa kuchemsha, na ugali wa mtama. Ulikuwa hujagusa tonge. Ulisema zamani, kabla ya Uhuru, ukiwa mkalimani mgeni katika korti nyingine mbali na hapa, aliletwa Mkuria mmoja aliyeshtakiwa kwa wizi wa ng'ombe na ndama. Mtu huyo alikuwa amemkabidhi rafiki yake Mjaluo ng'ombe huyo amfugie, kama watu wenu na wetu wanavyofanya siku zote, ili ugonjwa au wavamizi wakiingia zizi moja wasimalize mali yote ya mtu. Yule rafiki akafa. Wanawe walikuwa wadogo, hawakujua ng'ombe yule ni wa nani. Mkuria akangoja matanga yaishe, akaja mchana kweupe, akafungua zizi, akamchukua ng'ombe wake pamoja na ndama. Hakimu Mzungu akamwuliza, ulimchukua? Akajibu kwa Dholuo kwamba ndiyo, alimchukua. Ukasimama ukasema kwa Kiingereza: ndiyo, nilimchukua. Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekiri kosa.

Na wewe ulijua kwamba kwa desturi hiyo si wizi. Mtoto yeyote wa huku angejua. Lakini mkalimani ni mdomo tu, na ulikuwa mpya, na uliogopa. Mtu yule alifungwa mwaka na nusu.

"Huyo Mkuria ni Chacha, baba yako," ulisema.

Mzee, nilijua baba alifungwa. Nilikuwa mdogo, nakumbuka mama akilima peke yake na watoto wa shule wakiniita mtoto wa mwizi. Nilipigana nao, nikapigwa zaidi kuliko nilivyopiga. Sasa mtu aliyekuwa akinipa samaki kila Jumamosi ananiambia kwamba neno moja kutoka mdomoni mwake lingemrudisha baba nyumbani siku ileile, naye hakulisema.

Nikakuita mwoga. Nikasema umekuwa ukinilisha ili dhamiri yako ilale. Nikasema hiyo Dar es Salaam yako nenda usome wewe. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki hapa, wewe uliyasikia, inatosha. Nyar Kasipul alikuwa mlangoni ameshika birika la maji ya kunawa, na hakujua aniletee au arudi nalo ndani. Nilitoka bila kula. Kwenu na kwetu, kuondoka na kuacha chakula cha mtu mezani ni tusi, na mimi nililikusudia.

Jumatatu sikuja kazini. Nilipanda basi hadi Migori, nikatia sahihi fomu ya Amerika palepale kwenye kaunta ya posta. Barua ya Dar es Salaam niliiweka chini ya godoro kwetu. Sikuijibu, hata kukataa sikukataa. Nilitaka uende ukaulize kama nimejibu, uambiwe hapana. Hivyo ndivyo nilivyochagua chuo, Mzee, baada ya mawakili wote wale na chai yote ile. Nilichagua ili nikuumize.

Hasira hasara. Msemo huu niliuandika katika insha nyingi nikapewa alama nzuri, na maana yake sikuwa naijua.

Wiki ya nne hivi baada ya siku ile, mtu mmoja wa Suna aliyetoka Homa Bay alisema sokoni kwamba yule mkalimani mwenye miwani, Owuor, amefariki, kifua kimemshika siku tano tu. Nilisimama pale na debe la mahindi begani. Yule mtu akaendelea na habari zake nyingine, bei ya mafuta ya taa sijui nini. Nilimwomba arudie jina. Akarudia.

Nilipofika nyumbani baba alikuwa tayari amesikia. Alikuwa akimfungua fahali wake mwekundu. Nikamwuliza anakwenda naye wapi. "Matanga ya Owuor," alisema. "Chukua fimbo."

Tulitembea mchana, tukalala kwa watu, tukatembea tena. Njiani nilifikiri, baba hajui anamlilia nani. Ikanibidi nimwambie. Nikamweleza yote uliyonieleza, korti ile, Mzungu yule, neno ambalo hukulisema. Baba hakupunguza mwendo. "Najua," alisema. "Alikuja Macalder."

Hukuniambia hilo! Sikukupa nafasi ya kuniambia. Baba alisema alipotoka jela alikwenda Macalder kuchimba kwa sababu zizi lilikuwa tupu. Siku moja ukatokea pale machimboni, umevaa suruali yako ya korti, viatu vimejaa tope, unauliza kwa kila mtu Chacha ni nani. Ulimwambia ulichokijua na ulichokinyamazia. Baba alisema alitaka kukupiga kwa sururu. Kisha akawaza: "Korti ile ilikuwa na watu wengi. Hakimu, askari, karani. Aliyekuja kwangu ni mmoja." Akakupa maji ya kunywa. Mkawa mnatumiana salamu tangu siku hiyo.

Nikamwuliza baba, basi kwa nini hakuniambia aliponituma kwako? Akasema, "Ungekwenda na chuki. Nilitaka uende na masikio. Yeye ndiye nilimwomba akuambie, siku akiona umekomaa."

Ulidhani nimekomaa, Mzee. Hapo ulikosea.

Tulifika udongo ungali mbichi. Sikukuona uso. Vijana wa kwenu walikuwa wakikimbiza ng'ombe uwanjani kwa vifijo, kukifukuza kifo kama mnavyofanya, na baba, Mkuria yule mwenye goti bovu, akaingia katikati yao na fahali wake, akakimbia nao. Watu wakaulizana huyu ni nani. Nyar Kasipul akajibu kwa sauti kwamba huyo ni wa nyumba hii, mpisheni. Baadaye alituwekea chakula. Alinishikia birika mwenyewe, akanimwagia maji mikononi, na juu ya siku ile hakusema neno. Nilikula nikilia, ugali ukawa na chumvi ya machozi, na yeye akakaa pale mpaka nilipomaliza sahani yote.

Niliporudi Migori niliandika barua mbili. Ya Amerika ilikuwa ya kuomba radhi kwamba siji. Mkuu wa shule alinijibu kwa mistari miwili mikali, na wazee walioshiba nyama ya Amerika hawanisalimu mpaka leo. Ya pili niliipeleka Dar es Salaam, kuwaambia nakubali. Walinijibu kwa adabu. Walisema walingoja jibu langu, halikuja, nafasi wamempa mwingine, na masomo yanaanza. Nikitaka, niombe upya kwa mwaka ujao.

Sitakudanganya. Wakati ule nilichagua Dar kwa majuto tu. Kwanza nilichagua kwa hasira, kisha kwa majuto, na ungekuwa hai ungenikalisha kwenye benchi ukaniambia zote mbili si sababu. Nilipopata jibu lile kuna siku nilipumua. Nilijiambia labda sheria si yangu, niwe mwalimu kama wenzangu, mambo yaishe.

Kisha hakimu akaniita. Ni mpya, kijana wa pwani, Kiswahili chake kinatiririka na Dholuo hajui hata ya kuombea chumvi. Tangu uondoke walikuwa wakiokota yeyote wa kutafsiri, siku moja dereva, siku moja mpishi. Karani alimwambia kuna mvulana aliyefunzwa na marehemu. Nilisita. Baba ndiye aliyesema nenda.

Sasa lile la kuungama.

Wiki tatu zilizopita aliletwa mama mmoja, mke mkubwa, ameshtakiwa na mke mwenzake kwa kuharibu mali. Mvua ya vuli ilianza mapema, mke mdogo akapanda mahindi bila kungoja. Yalipochipuka, mke mkubwa akaenda asubuhi akayang'oa yote, mstari kwa mstari. Hakimu akamwuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli. Nikasimama mahali pako nikasema, "Ndiyo, niliyang'oa mimi, kwa mikono yangu."

Nilijua, Mzee. Nimeishi na Wajaluo bwenini miaka sita, nimekula kwako, najua mke mkubwa ndiye wa kwanza kutia mbegu ardhini, na kwamba mdogo akimtangulia, wanaoamini wanaogopa chira, laana ya kuvunja mwiko, isije ikachukua mtoto. Watoto wadogo katika boma lile ni wa huyo mke mdogo. Mama yule alikuwa akiwalinda watoto wa mwanamke aliyemshtaki. Yote haya yalikuwa kichwani mwangu. Yalifika mpaka kwenye meno. Nikamtazama hakimu, nikatazama kalamu ya karani inavyokwenda, nikakumbuka kwamba hakuna aliyeniuliza. Nikanyamaza. Mimi, niliyekuita mwoga! Wakampa siku saba za jela.

Walipokwenda mapumziko nilimfuata hakimu chumbani kwake nikamweleza. Si mtu mbaya, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ungekuwa umenisaidia, bwana mkalimani, lakini hiyo ni kazi ya wakili. Na mama yule hana wakili."

Nilitoka nikakaa kwenye lile benchi. Nilielewa kwa nini ulizisoma barua zile kwa magoti mawili, na kwa nini vidole vyako vilikwenda kwenye ile moja. Nilielewa pia, na hili ndilo lililonivunja, kwamba hukuninyima kitu chochote. Ulikuwa umesimama pale miaka yote hiyo ukisema mimi, mimi, mimi, na kila mara ukitazama mlangoni kama kuna mtu anaingia wa kuuliza kwa nini. Nililia palepale mchana, watu wakipita. Askari mmoja akadhani nimefiwa. Nikamwambia ndiyo.

Mama yule alipotoka nilikwenda kwake, kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nawaza viatu vyako vya korti kwenye tope la Macalder. Nilimkuta anachambua mboga na huyo mke mwenzake, wamepatana, maisha yana kichekesho chake. Nilimwambia nilikuwa najua na sikusema. Akaniuliza kama mimi ni wakili. Nikamwambia bado. Akasema, "Basi fanya haraka," akaendelea na mboga zake.

Jana nimejaza fomu ya Dar es Salaam. Safari hii sikuijaza kwa ajili yako, na sikuijaza kwa ajili ya baba. Niliulizwa kwa nini nataka chuo hiki na si kingine, na mistari waliyoacha haikutosha, nikaendelea nyuma ya karatasi. Niliandika juu ya ng'ombe aliyekabidhiwa rafiki na mahindi yaliyong'olewa. Niliandika kwamba yule Mhindi alisema kweli, mtu ajue jambo fulani kabla ya kujua sheria, na kwamba mimi hilo jambo nimefundishwa, kwenye benchi na kwenye meza ya mtu. Jina lako sikuliweka. Niliogopa nisije nikalia tena juu ya fomu ya serikali.

Nyar Kasipul ni mzima. Jumamosi naenda kwake. Ananiambia niache kuchukua samaki kwa uma kama Mzungu. Kuna siku ananitazama nikila halafu anageuka, na sote wawili tunajua kwa nini.

Nakukosa, Mzee. Nakukosa asubuhi ninaposimama pale na kusema mimi. Sikukuomba radhi ukiwa na masikio, na sasa naomba kwenye karatasi, jambo ambalo wewe ungesema halina nguvu kortini. Lipokee hivyohivyo.

Oriti, baba, ndiyo kwaheri ya kwenu. Ulale salama. Mpaka mwakani nitabaki kuwa mdomo, nami nitakuwa mdomo mwaminifu kama ulivyonifunza. Nikikubaliwa nitakwenda, na nikikataliwa nitaomba tena. Na nitarudi huku huku, si Nairobi, si Kisumu, kwenye korti hii ambayo watu wanakuja peke yao na kusema kweli na kufungwa. Mtu atasimama kizimbani aseme ndiyo, nilichukua. Mkalimani atasema ndiyo, nilichukua. Karani atainua kalamu. Na mimi nitasimama, Mzee.

Mwanao,
Marwa